Uvimbe ukishatolewa, kidonda kinabaki

Baba alitolewa uvimbe wa saratani tumboni kwa endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, bila kupasuliwa. Kesho yake alikuwa anatembea wodini, na sisi tukaona yameisha. Siku ya tisa nilimkuta nyumbani ameegemea mlango wa choo, jasho la baridi linamtoka, midomo imepauka. Nikamuuliza choo kikoje. "Cheusi, mwanangu, tangu jana. Nilidhani ni dawa."

Kilikuwa cheusi kama lami, kinanata, na kina harufu kali isiyo ya kawaida. Hiyo ni damu iliyokwisha kumeng'enywa. Hospitali walirudisha kamera, wakauona mshipa unavuja kwenye kidonda, wakaubana kwa klipu.

Daktari alikuwa ametuchorea mapema. Ukuta wa tumbo una tabaka kadhaa, na uvimbe wa baba ulikuwa kwenye utando wa ndani kabisa. Saratani ikiwa bado hapo, mara nyingi haijafika kwenye tezi za limfu, vituo vya kinga ya mwili ambako saratani huenea, ndiyo maana inaweza kuchunwa na tumbo likabaki zima. Wanadunga maji chini ya uvimbe ili unyanyuke, kisha wanaukata kuuzunguka na kuuchuna kwa kisu chembamba cha umeme kinachopitishwa ndani ya mpira wa kamera. Mbinu hii ilianzia Japani mwishoni mwa miaka ya 1990. Uvimbe ukiwa umezama zaidi, mgonjwa hupasuliwa. Daktari akikuambia hivyo, usidhani anakunyima njia rahisi.

Tulichokisikia bila kukishika ni kwamba panapochunwa hubaki kidonda kibichi, ambacho huchukua kama wiki 8 kufunga. Damu ikitoka baadaye, mara nyingi ni ndani ya wiki mbili za mwanzo, mgonjwa akiwa ameshafika kwake. Ukuta pia unaweza kutoboka. Kwa kawaida tundu huonekana palepale na kuzibwa, lakini maumivu makali ya ghafla, tumbo gumu au homa baada ya kurudi nyumbani si mambo ya kusubiri asubuhi.

Baba alikuwa amerudia kimyakimya diklofenaki, dawa za maumivu ya magoti, ambazo nazo huweza kuvujisha damu. Nami sikumuuliza. Kwa hiyo nakuomba: kabla ya siku ya matibabu, kusanya dawa zote za mgonjwa kwenye mfuko, hata za kununua bila cheti, umwonyeshe daktari. Aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda huongeza hatari ya kuvuja, lakini usizikatishe mwenyewe, maana moyo nao unazitegemea. Madaktari wapange pamoja. Na dawa ya kupunguza asidi imezwe mpaka mwisho, hata kama hakuna kinachouma.

Majibu ya maabara yasubiriwe pia. Yakionyesha seli za saratani zimefika kwenye kingo za kinyama kilichotolewa, au zimezama kuliko ilivyodhaniwa, huenda upasuaji ukahitajika.

Mwulize daktari pia kuhusu bakteria wa tumboni aitwaye Helicobacter pylori. Tangu 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limemweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani, na tafiti za Japani na Korea Kusini zimeonyesha kwamba kumwua baada ya uvimbe kutolewa hupunguza uwezekano wa mwingine kuota. Hupunguza tu. Baba alimaliza dozi, akawa anarudi kwenye kamera kila mwaka. Mwaka wa pili walikuta doa dogo upande mwingine wa tumbo, nalo likachunwa likiwa bado kwenye utando.