Wasomaji wanauliza: mkutano wa VPN unakatika simu za nyumbani zikipakia picha

Swali: Ninafanyia kazi nyumbani, Ibanda, Bukavu. Seva yangu ni kompyuta ya zamani yenye Debian na kadi mbili za rezo: eth0 inaelekea kwenye modemu, eth1 inahudumia nyumba. WireGuard, programu ya VPN (njia ya siri kupitia intaneti) inayoniunganisha na ofisi ya Kinshasa, iko kwenye seva hiyohiyo. Laini inapakua Mbit 8 na kupakia Mbit 2. Simu za watoto zikianza kupakia picha, sauti ya mkutano inakatika. Nimeweka HTB (mpangilio wa kugawa kasi kwa makundi), nikaipa VPN `prio 0`, yaani kipaumbele cha kwanza, na jumla nikaandika `rate 2mbps`. Hakuna kilichobadilika.

Jibu: Kosa liko kwenye `mbps`. Kwa `tc`, amri ya Linux inayopanga foleni za rezo, hiyo ni megabaiti kwa sekunde, si megabiti. Umeiruhusu seva kutoa Mbit 16 kwenye laini ya Mbit 2. Kwa hiyo foleni haiundwi kwenye seva hata kidogo. Pakiti zote zinakimbilia kwenye modemu na kusubiri huko, na modemu haijui ipi ni ya VPN. Modemu ikiwa na akiba ya kilobaiti 256, kuimaliza kwa Mbit 2 kunachukua zaidi ya sekunde moja. Wito mmoja wa sauti unatosheka na kbit 100 hivi; kinachouharibu ni kusubiri, si uhaba wa kasi.

Kuandika `2mbit` pia hakutoshi. Jumla lazima iwe chini kidogo ya uwezo halisi wa laini, ndipo foleni ihamie kwako. Anza na asilimia 85 (1:1 ni jumla, 1:10 ni kundi la VPN, 1:20 ni vingine vyote):

```
tc qdisc replace dev eth0 root handle 1: htb default 20
tc class add dev eth0 parent 1: classid 1:1 htb rate 1700kbit
tc class add dev eth0 parent 1:1 classid 1:10 htb rate 900kbit ceil 1700kbit prio 0
tc class add dev eth0 parent 1:1 classid 1:20 htb rate 800kbit ceil 1700kbit prio 1
tc qdisc add dev eth0 parent 1:10 fq_codel target 15ms
tc qdisc add dev eth0 parent 1:20 fq_codel target 15ms
tc filter add dev eth0 parent 1: protocol ip prio 1 u32 match ip protocol 17 0xff match ip dport 51820 0xffff flowid 1:10
```

Poti (namba ya mlango wa huduma) ya ofisi yako huenda si 51820: itazame kwa `wg show`, kwenye mstari wa endpoint, baada ya nukta mbili. fq_codel ndiyo inayozuia pakiti kusubiri mno ndani ya kila kundi, na target ni kiasi cha kusubiri inachokilenga. Target yake ya kawaida ni ms 5, nayo ni fupi mno hapa, kwa sababu pakiti moja ya baiti 1,500 huchukua ms 7 kupita kwenye kbit 1,700. `ceil` inaliachia kila kundi kutumia nafasi ambayo jirani yake haitumii, kwa hiyo usiku VPN ikilala, picha zinapata laini nzima.

Usiziwekee alama pakiti zikiwa bado hazijaingia wg0, yaani mlango wa WireGuard. WireGuard inazifunga upya, na alama ya ndani haitoki nje. Kwenye eth0 utaona pakiti za VPN kama UDP tu, aina ya pakiti ambayo WireGuard hutumia kusafirisha.

Kisha pakia faili kubwa huku ukipiga `ping` kwenye anwani ya ofisi ndani ya VPN. Muda ukipanda bado, shusha jumla kwa kbit 100 na kupima tena. `tc -s class show dev eth0` ikionyesha 1:10 haihesabu baiti, poti uliyoandika siyo.

Umeme ukikatika, mpangilio huu wote unafutika. Uweke kwenye skripti inayoendeshwa na systemd (programu inayowasha huduma za Debian) baada ya eth0 kuwaka.

Upakuaji ni kazi nyingine: `tc` inapanga kinachotoka tu, hivyo utahitaji ifb0, kadi ya rezo ya kubuni ambayo kinachoingia kinapitishwa. Maliza upakiaji kwanza, maana ndio unaokukatia sauti.

Swali: Niko Kamalondo, Lubumbashi, kwenye 4G. Mchana inapakia Mbit 5, jioni Mbit 2. Nifuate kipimo kipi?

Jibu: Cha jioni. Kipimo kilicho chini kinakunyima kasi kidogo, lakini kinachozidi laini kinaondoa kipaumbele chote. Ukitaka vyote viwili, cron (inayoendesha amri kwa saa ulizopanga) ibadilishe vipimo asubuhi na jioni kwa `tc class change`. Ibadilishe makundi yote matatu: ukipandisha 1:1 peke yake, `ceil` za makundi ya chini yake zitabaki palepale.