Papa Leo: samaki, siku, au nani?

Msomaji wetu wa Wete, anasomesha skuli, kaniletea swali hili: tokea Mei 2025 kila akifungua simu anakuta "Papa Leo kasema hivi, Papa Leo kaenda kule", wanafunzi wake wanacheka hawana mbavu maana kwao wao papa leo ni habari ya sokoni. Mwalimu mwenzake akamwambia ni neno moja hilo hilo, ati Wakristo wa zamani alama yao ilikuwa samaki ndo maana mkuu wao akaitwa papa. Anauliza, ni kweli?

Si kweli mwalimu wangu. Alama ya samaki ilikuwepo, hilo mwenzio kapatia, ila imetoka Kigiriki. Samaki kwao ni ichthys, na zile herufi zake tano ndo zinazoanza maneno "Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi" kwa lugha yao. Papa hayumo humo hata kidogo, na huyu papa wetu mwenye meno Wagiriki walimwita karcharias, sasa undugu utokee wapi?

Papa wa kanisani ametoka kwenye pappas, Kigiriki cha mtoto anapomwita babake, Kilatini kikalichukua kikasema papa. Zamani maaskofu wengi tu walikuwa wakiitwa hivyo, na mpaka sasa mkuu wa Wakopti, Wakristo wa asili kule Misri, nae ni Papa. Kwa hio maana yake ni baba basi, na Wakatoliki wenyewe kwa Kiswahili wanasema Baba Mtakatifu. Na hapa naomba tusikimbilie kusema kumbe baba yetu nae katoka huko huko, maana Waturuki wana baba, Wachina wana baba, na hakuna alomuazima mwenziwe. Mtoto mchanga sauti zinazomjia mwanzo ni za midomo, ma, ba, pa, na wazazi kila pahala wanafurahi wanajua wameitwa wao. Roman Jakobson, mtaalamu mkubwa wa lugha, alishalieleza hili zamani.

Sasa njoo kwa papa wetu. Simama pale Malindi wakati wa mnada usikilize: papa mmoja, papa wawili, papa kumi, neno halibadiliki. Kanisani ni Papa mmoja, Mapapa wengi. Ngeli inakuonesha mapema kuwa haya ni maneno mawili. Utasema mbona magazeti yanaandika "mapapa wa dawa za kulevya", ee, huyo ni samaki yule yule, katiwa ma- ya kumkuza kwa ukubwa na uroho wake. Na tukisema "njoo papa hapa" basi hili la tatu, ni ile pa ya mahali imerudiwa, sawa na kuku huku na mumu humu, wala sijamsikia mtu akidai ile kuku ya "kuku huku" ni ya kufugwa.

Leo nalo ni hivyo hivyo. La kwetu ni la Kibantu asilia na ndugu zake unawaona waziwazi, Waganda wanasema leero, Wachewa lero, Wabemba lelo, sauti inafanana na maana ni ile ile kwa majirani wote, huo ndo ushahidi wa undugu tunaoutaka. Leo ya Papa ni Kilatini, maana yake simba.

Linalonifurahisha zaidi ni hili. Huyu Papa Leo, Robert Prevost, kazaliwa Chicago 1955 lakini kafanya kazi miaka mingi Peru, alikuwa askofu wa Chiclayo, na Peru papa ni mbatata! Neno hilo ni la Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima ya Andes ambako mbatata ndo kwao. Kihispania cha huko kinatenganisha kwa jinsia, el papa ni mkuu wa kanisa, la papa ni mbatata, na papá ukikaza mwisho ni baba mzazi. Hii mbatata tunayoitia kwenye urojo jina lake si la Kikechua, ni batata, neno la Wataino wa visiwa vya Karibi waliloitia viazi vitamu, Wareno wakalisambaza kwa meli mpaka bahari yetu.

Kwa wanafunzi wako, mwalimu, waoneshe herufi kubwa, Papa Leo na papa wa leo ukiandika vinaachana. Ila redioni herufi kubwa haisikiki, kwa hio watangazaji wetu ningewaomba wamtaje kwa ukamilifu, Papa Leo wa Kumi na Nne.