Funga Swali Kabla ya Kulisoma: Kwa Wanaoanza Kutunga Génies en herbe Bukavu

Ninyi mliopewa kazi ya kutunga maswali ya Génies en herbe, shindano la ekipe (timu) za kujibu maswali, mwaka huu, iwe ni kwa shule za komini za Ibanda, Kadutu na Bagira au kwa vijana wa parokia, msihangaike sana na ugumu wa maswali. Ekipe ikikosa swali gumu hukaa kimya na mchezo unaendelea. Kelele huanza pale swali lilipoachwa wazi, likawa na majibu mawili ya kweli, na jiri (waamuzi) ina moja tu kwenye karatasi.

Chukueni swali ambalo kila mtungaji mpya huliandika: maji huchemka kwa nyuzi ngapi? Karatasi inasema 100. Ila Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa huku ni mdogo, na sufuria ya maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kila mkipanda mita 300, kiwango hushuka kwa takriban nyuzi moja. Mwanafunzi wa bio-chimie (biolojia na kemia) akijibu 95, mtamnyimaje pointi? Ongezeni maneno "kwenye usawa wa bahari, kwa kipimo cha Selsiasi" na swali limefungwa. Au geuzeni: kwa nini maharage huchelewa kuiva Bukavu kuliko Matadi? Hilo (Matadi, mji wa bandari, uko chini sana kuliko Bukavu) ni swali zuri zaidi, kwa sababu linapima kuelewa na jibu lake haliko kwenye kila daftari.

"Rais wa kwanza wa Kongo ni nani?" nalo lina tundu. Kinshasa ni Joseph Kasa-Vubu, Brazzaville ni Fulbert Youlou. Mkiandika "Zaïre", jina la zamani la Kongo ya Kinshasa, ni Mobutu. Andikeni jina kamili la nchi, pamoja na mwaka. Hata mwaka peke yake unaweza kuwasaliti. Mkiuliza UNESCO iliingiza rumba katika urithi wa utamaduni usioshikika mwaka gani, kuna aliyesoma kwamba rumba ya Kuba iliingia 2016, na ile ya Kongo zote mbili ikaingia 2021. Vilevile nchi ya kwanza ya Afrika kwenye Kombe la Dunia la kandanda: ukumbi mzima utapaza sauti "Zaïre, 1974!", kumbe Misri ilicheza tangu 1934. Zaïre ilikuwa ya kwanza kusini mwa Sahara, na maneno hayo matatu ndiyo kufuli lenyewe.

Mitego mingine iko nyumbani kwetu. Watu wamezoea kwamba miji ilibadilishwa majina 1966: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville Kisangani, Élisabethville Lubumbashi. Basi mtungaji huiweka na Costermansville, jina la kikoloni la Bukavu, humo humo. Kumbe Bukavu ilirudishiwa jina lake katika miaka ya 1950, kabla ya uhuru. Mzee mmoja akisimama nyuma ya ukumbi kuwakosoa, heshima ya jiri imekwisha kwa siku hiyo.

Halafu kuna majibu yaliyozeeka. Maktaba zetu nyingi zina vitabu vya zamani, vizuri kwa mambo mengi lakini vya hatari kwa orodha na idadi. Kitabu cha kabla ya Julai 2011 kitasema Sudan ndiyo nchi kubwa kuliko zote Afrika. Tangu Sudan Kusini ijitenge ni Algeria, na nchi yetu ni ya pili. Kitabu cha kabla ya 2006 kina sayari tisa, kwa sababu Pluto ilikuwa bado haijaondolewa. Mikoa yetu ilikuwa 11 pamoja na Kinshasa. Tangu 2015 ni 26. Burundi imehamishia makao makuu ya kisiasa Gitega, ingawa shughuli nyingi bado ziko Bujumbura. Idadi ya miezi ya Zohali msiiulize kabisa: wanaastronomia huongeza mipya mara kwa mara. Mto mrefu kuliko yote duniani pia uacheni, maana Nile na Amazon bado zinabishaniwa kutegemea nani amepima na ameanzia wapi. Kwa mito, mto wetu wa Kongo una kitu kisichobishaniwa: hukata ikweta mara mbili.

Kila jibu lithibitishwe kwa vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana. Kurasa kumi za intaneti zenye sentensi ileile ni chanzo kimoja. Vyanzo vikitofautiana, msichague mnachokipenda, badilisheni swali. Kina cha Ziwa Kivu, kwa mfano, wengine huandika mita 475, wengine 485. Ulizeni basi ni gesi gani mbili zilizoyeyuka kwa wingi katika maji yake ya chini: kaboni dioksidi na methani. Hapo hakuna wa kupinga.

Karatasi ya jiri ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Jibu tupu halitoshi. Chini ya kila swali andikeni yanayokubaliwa, yanayokataliwa, na yale ambayo msomaji wa maswali atajibu "fafanua". Nani alikuwa rais wa nchi yetu mwezi Aprili 2000? "Laurent-Désiré Kabila" inakubaliwa. "Kabila" peke yake: fafanua, maana mwanawe alishika nchi Januari 2001. "Nani alipata Nobel ya kemia mwaka 1911?" Akijibu "Curie", mwambieni afafanue, Marie ndiye, Pierre alikuwa amekwisha kufa 1906. Lakini kwa Nobel ya amani ya 2018 "Mukwege" (daktari wa Bukavu) inatosha, na "Murad" pia inatosha kama hamkutaja Bukavu katika swali, kwa sababu walipewa pamoja. Jibu la Kifaransa na la Kiswahili yawe na thamani moja: anayesema Vénus na anayesema Zuhura wamepata wote.

Swali la ngazi, lile la vidokezo vinne vya pointi 40, 30, 20 na 10, ndilo linalopendwa na ukumbi na ndilo linaloharibiwa zaidi. Sheria yake: kidokezo cha kwanza kijulikane na wachache, ila kiwe cha kweli kwa kitu kimoja tu. Tuseme jibu ni mto Ruzizi. Mwanzoni mtu huandika "natoka katika ziwa moja na kuingia katika jingine". Haifai, kwa kuwa Semliki nao hutoka ziwa Edward na kuingia ziwa Albert, na mchezaji hodari atabonyeza kengele hapo hapo na kusema Semliki. Anzeni hivi: "Natoka katika ziwa lililo karibu mita 1,460 juu ya bahari na kuishia katika lililo karibu mita 770." Kwa 30: "Umeme wangu hutumiwa na nchi zaidi ya moja." Kwa 20: "Kwa sehemu ya njia yangu mimi ni mpaka wa Kongo na Rwanda, halafu wa Kongo na Burundi." Kwa 10: "Natokea Bukavu." Msomaji asimame sekunde tano baada ya kila kidokezo, akikimbia, ngazi inakuwa swali moja refu.

Kwa maswali ya kubonyeza (anayewahi kengele ndiye anayejibu), taja mapema kinachotafutwa (mto gani, mwaka gani, nani) na usizidishe maneno 25. Epukeni maswali yenye kona, kama "Kilimanjaro una mita 5,895, je, kilele cha Margherita kina mita ngapi?" Mwenye mkono mwepesi atajibu 5,895 na kuadhibiwa kwa kujua kitu cha kweli. Huo ni ukatili bila faida. Ulizeni Margherita moja kwa moja: 5,109, na karatasi iseme mnakubali tofauti ya mita ngapi.

Mechi ya dakika 45 hula maswali 40. Tungeni 50, kumi za akiba, zenye uwiano uleule wa masomo, la sivyo mtakuta akiba yote ni michezo. Tunapendekeza jiografia 10, sayansi 10, historia 9, sanaa na utamaduni 6, michezo 5. Yajaribuni kwa watu wawili wasiohusika na shule yoyote inayocheza. Swali ambalo wote wawili wameomba lirudiwe, liandikwe upya hata kama ninyi mnalielewa.

Nakala ziwe tatu, za msomaji, jiri na mshika saa, kwa herufi kubwa, maana umeme ukikatika mtasomea tochi ya simu. Kengele za umeme ziwe na betri. La sivyo kila ekipe ipewe kengele ya mkono yenye mlio wake. Pingamizi lipokelewe kabla ya swali linalofuata kuanza kusomwa, na jiri isizidishe dakika moja: ikishindwa kukubaliana, swali linafutwa na la akiba linasomwa.

Sare ikibaki baada ya maswali matatu ya nyongeza, tumieni swali la kukadiria, ambapo aliye karibu zaidi anashinda. Tafuteni namba ambayo hakuna aliyeikariri lakini yeyote anaweza kuihakikisha kwa kalenda: toka uhuru, 30 Juni 1960, hadi nchi kuitwa Zaïre, 27 Oktoba 1971, zilipita siku ngapi? Ni 4,136, bila kuhesabu siku ya kwanza. Kila ekipe iandike jibu lake na karatasi zifunuliwe kwa pamoja, maana anayetaja wa pili ataongeza moja tu juu ya namba ya mwenzake.