Mfiwa na alie: kuomboleza kwa matumaini ndani ya jumuiya

Katika misiba yetu ya Kikatoliki ipo dhana inayowaumiza wafiwa bila sababu, nayo ni ile ya kwamba Mkristo mwenye imani ya kweli hapaswi kulia sana. Nilipofiwa na mama, hapa Dar es Salaam, watu wema kabisa waliniambia nijikaze, kwamba kazi ya Mungu haina makosa na kwamba mama alikuwa tayari mahali pema, na kila mara nilijikuta nikimeza machozi ili nisionekane ninamnung'unikia Mungu. Ushauri wangu wa kwanza kwa aliyefiwa ni kwamba alie. Bwana wetu alifika Bethania akijua kwamba muda si mrefu angemwita Lazaro atoke kaburini, na bado alilia machozi mbele ya watu. Naye Mtume Paulo, alipowaandikia Wathesalonike, hakuwakataza kuhuzunika, bali aliwataka wasihuzunike kama watu wasio na matumaini.

Kwa wanaokwenda kufariji, nawaomba wapunguze maneno. Katika msiba wetu, mama mmoja mjane wa jumuiya yetu, yaani kikundi cha familia jirani za Kikatoliki zinazosali pamoja, alikaa nami jikoni tukichambua mchele, na kwa muda mrefu hakutamka lolote la kunituliza. Kisha akaniuliza mama alipenda wimbo gani kanisani. Nikaanza kuutaja, sauti ikakatika, nikalia mpaka ungo ukaanguka, naye akaendelea kuchambua taratibu mpaka nilipomaliza. Jioni, baada ya rozari, aliwaambia wanakwaya, na wimbo huo ukaimbwa katika Misa ya mazishi bila mimi kumwomba mtu.

Misa yenyewe nayo inahitaji kueleweka, maana wengi huikaa wakingoja wasifu wa marehemu usomwe. Mshumaa wa Pasaka unaowashwa karibu na jeneza, maji ya baraka yanayonyunyizwa juu yake na ubani unaofukizwa vinasema jambo moja: mwili huu ulibatizwa, ukawa hekalu la Roho Mtakatifu, na utafufuka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulitaka ibada ya mazishi ioneshe waziwazi sura ya Pasaka katika kifo cha Mkristo. Kwa hiyo familia na iketi na katekista mapema, ichague masomo, na ule wasifu mrefu wa shule alizosoma marehemu na vyeo alivyoshika ubaki nyumbani. Taratibu za Misa hazimruhusu hata padre kugeuza mahubiri kuwa sifa za marehemu, na mimi naona ni busara, kwani si kila familia ina vyeo vya kusoma.

Kuhusu mahali pa kuzika nitasema machache, ingawa najua ndiko vikao vya ndugu hugombania zaidi. Mama alizikwa Rombo, mkoani Kilimanjaro, kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kwa sababu uwezo ulikuwapo na ndugu walipenda hivyo. Hata hivyo, familia inayotaka kukopa ili kusafirisha mwili na imkumbuke Mtakatifu Monika, mwanamke wa Afrika ya Kaskazini aliyefariki Ostia, Italia, mwaka 387. Mmoja wa wanawe alitamani afie kwao, lakini yeye aliwaambia wauzike mwili wake popote, wasijisumbue, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana.

Ombi hilo la Monika ndilo lililonisaidia kuliko faraja zote. Ukimwambia mfiwa kwamba marehemu yuko tayari mbinguni, unamwacha mikono mitupu, hana la kumfanyia mpendwa wake tena. Kanisa linafundisha kuhusu toharani, yaani hali ya kutakaswa baada ya kifo kabla ya kuingia mbinguni, na kutuomba tuwasaidie marehemu kwa sala, sadaka na Misa, kama Yuda Makabayo, kiongozi wa jeshi la Wayahudi katika Biblia, alivyochanga drakma 2,000 za fedha akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliouawa. Ninapoandika jina la mama la ubatizo juu ya bahasha ya nia ya Misa, na padre akalitaja asubuhi, huwa najua bado ninamhudumia.

Uchungu mkubwa huja turubai zikishakunjwa na ndugu wakisharudi makwao. Hapo ndipo jumuiya ndogondogo ingefaa zaidi, na ndipo huwa inapungukiwa: daftari letu lilikuwa na orodha kamili ya rambirambi lakini halikuwa na tarehe ya kifo. Tulimshauri katibu aziandike tarehe hizo, na sasa mwaka unapotimia sala ya jumuiya hufanyika nyumbani kwa mfiwa. Kabla ya hapo, na hasa baada ya arobaini, mtu mmoja apewe jukumu la kumpitia mfiwa na kwenda naye Misa ya Jumapili, kwa kuwa wapo wanaoacha kanisa kimyakimya kwa sababu kiti cha pembeni kimebaki wazi.

Novemba ni mwezi wa marehemu. Anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu kati ya tarehe 1 na 8 anaweza kuwapatia rehema kamili, yaani ondoleo la adhabu yote ya muda inayobaki baada ya dhambi kusamehewa, akitimiza masharti ya kitubio, Komunyo Takatifu, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu na kuachana na kila mapenzi ya dhambi. Sisi ambao makaburi yetu yako mbali tunayo tarehe 2: inatosha kuingia katika kanisa lolote na kusali Baba Yetu na Nasadiki, kwa masharti yaleyale, na kitubio kimoja kinaweza kutosha kwa siku zote hizo, ila Komunyo hupokewa kwa kila rehema.