Mkono wako si mdogo, kinanda ndicho kipana

Chukua rula. Tandaza mkono mezani, upime shubiri yako, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Yangu ni sentimita 18 na nusu, na walimu wa kinanda walikuwa wakinihimiza ninyooshe tu, eti mkono utazoea. Mifupa ya mtu mzima izoee nini?

Oktava ya kinanda cha kawaida, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, ina upana wa sentimita 16.5. Kuigusa hakutoshi, maana lazima ibaki nafasi ya mkono kulegea. Ukipiga umeukaza kila Jumapili, kifundo kitakudai. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa 2015 uliweka shubiri ya sentimita 21.6 kuwa ndiyo inayofaa kinanda hicho. Asilimia 87 ya wanawake waliopimwa hawakuifikia, na wanaume asilimia 24.

Wala kipimo hicho cha kinanda hakikushuka na Musa mlimani. Josef Hofmann, gwiji wa piano, alitengenezewa na kampuni ya Steinway piano zenye funguo nyembamba. Siku hizi kuna vipimo vya kinanda chembamba: DS6.0, ambayo oktava yake ni sentimita 15.2, na DS5.5 ya sentimita 14, matunda ya David Steinbuhler wa Pennsylvania na mpiga piano wa Kanada, Christopher Donison. Funguo zote 88 zipo, na urefu wake ni uleule.

Nilipoijaribu DS5.5 huko Marekani, vidole vilikosea mwanzoni, kisha vikatulia upesi kuliko nilivyotarajia. Do na re ya oktava ya juu nilizishika pamoja bila kujivuta. Nilikasirika kidogo, kusema kweli.

Ukienda kununua, usidanganyike na vile vinanda vidogo vya watoto. Funguo zake ni chache, fupi na nyepesi mno. Hizi za DS hutengenezwa kwa oda na bei yake si ya mchezo.

Kwa sisi tunaopiga kinanda cha kanisa kama kilivyo: sauti ya teno (ile ya juu ya wanaume) ikiwa mbali na besi, ichukue kwa gumba la mkono wa kulia. Noti iliyorudiwa katikati ya kodi (noti zinazopigwa pamoja) iache, kwaya inaiimba. Besi ikiwa mbali mno, ipige kwanza, uishikilie kwa pedali, ndipo uzifuate zilizobaki. Na ukisikia maumivu, simama hapohapo, hata kama mwalimu wa kwaya amekunja uso.