Mavyaa hataki blenda

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Nina miezi minne tangu niolewe, nakaa na mavyaa hapa Wete. Nimekuja na blenda yangu lakini yeye hataki kabisa isage nazi. Nikikaa kwenye mbuzi nako anakuja kunisimamia: "Hapo basi, hapo basi!" na nazi bado imejaa kifuuni. Mume wangu ananiambia ninyamaze tu. Nifanyeje? (Mke Mgeni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenichekesha, maana hiyo "hapo basi" naijua.

Ramadhani yangu ya kwanza kwa mume, Ng'ambo mjini, niliachiwa nazi tano za muhogo wa futari na jua limeshainama. Nikaikalia mbuzi, nikakuna kwa pupa, kwaru kwaru, mpaka meno yakawa yanalia kwenye kifuu. Moyoni najisifu kuwa sikubakisha kitu. Kuja kukamua, tui limetoka la kijivu kama maji ya kufulia, na vidoadoa vyeusi vinaelea juu. Nazi nyengine ndani hamna. Mavyaa akalitazama lile bakuli, akalimimina chunguni vile vile. Watu wakafuturu, hakuna aliyesema neno. Bora wangesema!

Kesho yake akakaa yeye kwenye mbuzi, mimi pembeni. Anaanza ukingoni, anakizungusha kifuu mkononi kidogo kidogo, ndipo anaingia katikati. Weupe ukianza kupiga kahawia tu, keshahamisha mkono. Kile kilichobaki kifuuni wakarushiwa kuku.

Sasa blenda. Mavyaa wako ana haki yake. Nazi ya blenda hung'olewa kwa kisu ikaja na ngozi yake ya kahawia, na usipoimenya inasagika humo humo. Tena mashine haizunguki bila maji, kwa hiyo kasimele ya kweli, lile tui zito lisilotiwa maji, huipati. Mchuzi wa pweza hautaki tui la mbio mbio. Lakini wali wa siku ya kazi, ukamenya ile ngozi vizuri, sioni kosa lake. Wazee hawa hawa, tangu waya wa umeme wa baharini kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010, mbona friji hawakulikataa?

Hilo usimwambie lakini. Neno la blenda umeshalisema, amelisikia, na kila ukilirudia unakuna kifuu. Mumeo hakukosea sana, ingawa angeweza kulisema kwa upole kidogo.

Kesho akikwambia "hapo basi", acha pale pale, mpe kifuu akione, umuulize: "Hapa, mama?" Muulize kweli, si kwa kumkejeli, mavyaa anaijua sauti ya kejeli hata ukiwa umempa mgongo. Mwombe na akukunie moja utazame mkono wake.

Blenda iweke kabatini, isubiri msimu wa maembe. Siku hiyo itoe, msagie juisi mtu mzima, mpelekee barazani ya baridi, usiseme kitu. Mavyaa wangu mimi aliapa mashine haiingii jikoni kwake. Embe boribo zilipoanza, yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza waya nimeuweka wapi.