Kabla Hujampandisha Bi Mkubwa Ngazi za Hoteli

Sikukuu pili ya Idi el-Fitri, mwaka juzi, tulitoka kwenda kula nje watu kumi na mmoja: mimi na mume wangu, watoto wetu wanne, mama yangu, wifi yangu na wanawe wawili, na shangazi yangu aliyevuka kutoka Pemba kuja kula sikukuu na sisi. Nilikuwa nimetoka katika mwezi mzima wa kupika futari na daku, nikaona ni haki yangu kukaa kitako usiku mmoja na kuletewa chakula mezani. Hoteli niliichagua kwa picha tu. Ilikuwa Mji Mkongwe, juu ya paa, bahari inaonekana na taa zinapendeza. Jina lake silitaji, kwani waliohudumu usiku ule sina hakika kama bado wapo pale, na pia kwa sababu makosa ya usiku ule, nikiyahesabu kwa insafu, si machache yaliyokuwa yangu mwenyewe.

La kwanza lilikuwa ngazi. Mama anaumwa magoti, na nyumba za Mji Mkongwe, kama tunavyozijua, zina ngazi za mbao zilizosimama wima kuelekea paa lililo juu ya orofa ya tatu. Alipumzika mara mbili njiani, na mara ya pili akaniuliza, "Mwanangu, huko juu kuna harusi?" Tulikaa saa moja na nusu usiku. Sahani ya kwanza, chipsi za watoto, ilifika saa tatu kasorobo ikiwa imepoa. Vingine vilikuja kimoja kimoja, kiasi kwamba mume wangu aliletewa chakula chake wakati wifi yangu amekwisha kunawa mikono. Shangazi alikuwa ameagiza pweza wa nazi, akaarifiwa baada ya zaidi ya nusu saa kwamba pweza hakuna, akaletewa badala yake samaki wa kukaanga ambaye hakumtaka. Kipande cha nguru cha mama kilikuwa kimeiva nje, lakini karibu na mwiba kilikuwa bado na damu. Alikifunika kwa karatasi ya kufutia mikono, akala wali mtupu na kachumbari.

Mhudumu alipopita kutuuliza kama chakula kilikuwa kizuri, sote tulijibu kwa pamoja, "Kizuri, ahsante." Tukalipa, tukashuka, tukapita Forodhani kuwanunulia watoto mishkaki, kisha nikaanza kulalamika. Nililalamika ndani ya gari, nikalalamika nyumbani, na kwa wiki mbili kila mgeni aliyeketi barazani kwetu alihadithiwa habari za ule mwiba wenye damu. Aliyestahili kuambiwa hakuambiwa neno.

Aliyenifungua macho ni mdogo wangu wa kiume, ambaye amefanya kazi ya uhudumu kwa miaka saba katika hoteli za Nungwi na Kiwengwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: watu kumi na mmoja mliagiza vyakula vya aina ngapi? Nikahesabu vidoleni nikapata tisa. Akacheka. Akanieleza kwamba jiko la hoteli ya namna ile limepangwa kwa ajili ya wageni wanaokuja wawili wawili, wanaokaa muda mrefu wakinywa na kutazama bahari, na kila sahani hupikwa peke yake baada ya kuagizwa. Mpishi mwenye mafiga manne na kikaango cha samaki kimoja, akiletewa oda ya aina tisa kwa meza moja huku meza nyingine zikingoja, hana njia ya kuzitoa zote pamoja. Atatoa kilicho chepesi kwanza, na kilicho kizito atakiharakisha, na hapo ndipo nguru anapotoka na damu. Isitoshe, ilikuwa sikukuu, na nusu ya wapishi walikuwa kwao wanakula pilau na jamaa zao.

Maelezo yale hayakuwatakasa wenye hoteli, kwa sababu aliyepokea oda alikuwa na wajibu wa kutuambia ukweli tangu mwanzo. Lakini yalinionyesha jambo ambalo sikuwahi kulifikiri: sisi kwetu tunapika sufuria moja na kupakua sinia moja, kisha tunakwenda mahali panapopika sahani moja moja na tunategemea tupate mambo ya sinia. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye familia kubwa ni kuchagua vyakula vinavyopikwa kwa wingi na kwa pamoja, yaani biriani, pilau, mchuzi wa samaki, kuku wa kupaka, na kuviagiza siku moja kabla, ukitoa arbuni na kutaja saa mtakayofika. Aina tatu zinatosha. Watoto waagiziwe chao kwanza, nacho kiletwe kwanza, kwa sababu mtoto mwenye njaa huiharibu meza nzima kabla mtu mzima hajaonja kitu. Mahali pengi, hasa penye mwenyeji mwenyewe jikoni, ukiomba mpakuliwe katika sinia hawakatai, na baadhi yao hufurahi.

Kuhusu pweza nilimbishia mdogo wangu. Nilimwambia ilikuwa tarehe pili ya Mfunguo Mosi, yaani Shawwal, maji ya bamvua yanayojaa na kupwa sana, mwamba unakauka mbali, na kila mtu anajua kwamba huo ndio wakati wa kuchokoa pweza. Akaniuliza, na wachokoaji walikuwa wapi? Walikuwa nyumbani, wamevaa nguo mpya. Bahari ilikuwa na pweza lakini hakuna aliyekwenda kumtafuta, na aliyekuwamo katika friza alikuwa wa kabla ya sikukuu, amekwisha usiku wa mosi. Tangu siku ile nimekuwa nikiitazama kalenda kabla ya kutazama menyu. Idi ya Mfunguo Tatu, yaani Idi el-Hajj, huangukia tarehe kumi ya mwezi wa Kiislamu, wakati maji yako mafu, hayapwi sana, au yanakaribia kuwa hivyo, kwa hiyo hata mvuvi asiyesherehekea hapati mwamba mkavu wa kutosha. Dagaa huvuliwa kwa taa, basi usiku wa mbalamwezi kali usiwategemee. Katikati ya kusi, upepo wa kusini wa Julai na Agosti, bahari huwazuia wenye vyombo vidogo kwenda mbali, na samaki wakubwa kama nguru na jodari huwa adimu na ghali. Menyu huandikwa mara moja ikadumu mwaka mzima, ilhali bahari hubadilika kila wiki, na mhudumu mwaminifu ni yule anayekwambia, kabla hujafungua menyu, leo kuna nini.

Ndiyo maana swali ninaloliuliza sasa mlangoni si "mna pweza?", maana jibu lake daima ni "tunaye". Ninauliza, "Leo mmeletewa samaki gani, na wamefika saa ngapi?" Anayejua atajibu mara moja. Asiyejua akaenda jikoni kuuliza, huyo pia nampenda. Anayejibu kwamba vyote vipo, siku ya tatu ya sikukuu, ninamshukuru na kuagiza kuku. Sisi tuliouona umeme ukikatika Unguja nzima kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hatuhitaji kufundishwa kwamba samaki aliyeganda, akayeyuka, akagandishwa tena, hata nazi na ndimu hazimfichi.

Mambo mengine ni madogo, lakini yakisahauliwa huuma. Nenda mwenyewe siku moja kabla, upande ngazi kwa miguu yako ukimfikiria mzee wako, utazame choo kiko orofa ya ngapi na kama kuna pahala pa kusali. Ikiwa hampendi kukaa karibu na meza za ulevi, uliza mapema, usingoje mpaka bi mkubwa aone chupa. Ijumaa usipange chakula cha mchana kabla ya saa nane, kwa kuwa hata jiko likiwa wazi wapishi wako msikitini. Bei iulize kwa shilingi: tangu Machi 2025 kanuni za nchi zinakataza bei za huduma za ndani kutangazwa au kulipishwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo huna sababu ya kupiga hesabu za dola kwenye simu mbele ya watoto. Uliza pia kama kodi na malipo ya huduma yamo ndani ya bei. Bili ikija isome mstari kwa mstari, hata kama shemeji anaona haya. Usiku ule wa juu ya paa tulilipia juisi tatu za ukwaju ambazo hakuna aliyezinywa, na niligundua nyumbani.

Sasa nirudi kwenye ule ulimi wetu uliosema "kizuri, ahsante", kwa sababu hapo ndipo penye kazi. Tumelelewa kwamba mgeni hasemi vibaya chakula cha mwenyeji, na ni malezi mema, lakini hotelini wewe si mgeni wa mtu, wewe ni mnunuzi. Ukinunua kanga Darajani ukaikuta imechanika utairudisha bila kuona haya, na nguru mwenye damu anastahili jambo lilelile. Kinachotushinda ni namna ya kulisema, maana tunajua njia mbili tu, kunyamaza au kugomba, na kwa kuwa kugomba ni aibu tunachagua kunyamaza.

Iko njia ya tatu, na nimeijaribu. Safari moja tulikuwa Jambiani, watoto wamefunga skuli, nikaletewa samaki aina ya changu ambaye nilipomfungua tu harufu yake ilinitosha. Sikumla. Hilo ni la kwanza, kwani ukishakula nusu maneno yako yamepungua uzito. Nilimwita mhudumu karibu, nikamsemesha kwa sauti ya chini ili meza nyingine zisisikie, nikamwambia: "Mwanangu, wewe huna kosa, lakini samaki huyu ameharibika. Mpelekee mpishi amnuse, halafu niletee mayai na mkate." Nilitaja kosa na nikataja ninachotaka badala yake. Watu wengi husahau hili la pili, wakamwacha kijana wa watu amesimama na sahani hajui afanye nini. Mwenye hoteli alikuja mwenyewe, akaomba radhi, na changu hakuwamo kwenye bili. Sisemi kwamba kila mahali watakujibu hivyo. Mara nyingine meneja hununa, na hapo unalipa ulichokula, unakataa kwa upole kulipa usichokula, unaomba risiti ya kielektroniki na kwenda zako.

Hiyo risiti usiitupe. Ikiwa mtu ameumwa baada ya kula, mpeleke kwanza hospitali, kisha taarifa ipelekwe Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ambao ndio wenye mamlaka ya kukagua usalama wa chakula, na bila ya tarehe na jina la mahali malalamiko yako yatakuwa hadithi tu. Ikiwa umetozwa isivyo halali, Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ndiyo inayowalinda watumiaji. Kwa mchuzi uliopoa na mhudumu aliyenuna, hata hivyo, usiwasumbue watu wa serikali. Hayo yanamalizwa mezani.

Na mhudumu aliyekuhudumia vizuri mpe bakshishi yake mkononi, umtajie na sababu. Mdogo wangu anasema katika miaka saba alipewa fedha nyingi na wageni wa nje, lakini Mzanzibari aliyemwambia "umetuangalia vizuri wazee wetu" bado anamkumbuka kwa sura.

Idi iliyofuata tulivuka sisi kwenda Pemba. Shangazi alichagua pahala padogo Wete, chini, pasipo ngazi hata moja, akaenda siku mbili kabla kuagiza wali wa nazi na pweza, na akamweleza mwenye jiko kwamba akikosa pweza aseme mapema apikiwe kuku. Pweza alipatikana. Sinia tatu zililetwa kwa pamoja, watoto wakakaa kwenye la kwao. Tulipokuwa tunakaribia kumaliza, kijana aliyetuhudumia alikuja akauliza kama chakula kilikuwa kizuri. Mimi nilikwisha fungua mdomo kujibu kama kawaida yetu, shangazi akaniwahi.

"Pweza mzuri sana, baba," alimwambia. "Wali wa sinia la watoto umezidi chumvi."

Kijana aliuonja kwa kijiko, akakubali, akaliondoa sinia, na baada ya muda mfupi akarudi nalo likiwa na wali mwingine.